Nguva Hakuulizwa

Paukwa!
Pakawa!
Mlio nyuma, mmesikia? Basi sogeeni, mbavu kwa mbavu.

Hapo zamani za kale, penye ghuba ndogo ya mikoko, wanyama waliishi kwa kupokea wageni. Wageni wao walikuwa heroe, ndege wa miguu mirefu na manyoya ya waridi, kutoka maziwa ya bara. Walikuja na mtama, walikuja na habari za mbali. Bi Kaa aliwatandikia majani. Kima aliwaongoza njia. Kila nyumba ilikula, kila nyumba ilicheka.

Humo ghubani, kwenye nyasi za bahari, aliishi Nguva. Mpole, mwenye haya. Mwaka huo akajifungua.

Heroe wakasikia. "Tunataka kumwona mtoto!"

"Nitawapeleka," akasema Kima.

"Umemuuliza mama yake?" akauliza Bi Kaa.

"Nimuulize nini? Bahari ni yetu sote. Twendeni!"

Wakaenda wote kwa mkupuo. Chubwi! Chubwi! Kelele, mabawa, tope. Mtoto akapotezana na mama yake. Akalia, "Wii! Wii!" Nguva akahangaika huku, akahangaika kule. Mwishowe akamgusa kwa pua, akamfunika kwa pezi, wakaenda zao.

Ghuba ikawa tupu. Heroe wakaona aibu, wakaondoka. Kima hakula.

"Bi Kaa, nimefanya nini mimi?"

"Njoo tumtafute."

Wakapanda gogo, wakaelea, wakaelea. Wakamkuta Nguva nje ya ghuba, kwenye miamba mitupu.

"Mama," Kima akasema, machozi chururu, "tulimfanya mwanao tamasha, wala hatukukuuliza. Nisamehe."

Nguva akamvuta mwanawe karibu. Kisha akasema, "Huku hakuna nyasi. Maziwa yananikauka. Lakini mwanangu akisikia bawa, hushtuka."

"Rudi, mwenzangu," akasema Bi Kaa. "Ukitaka, mgeni asikukaribie tena."

"Na mkikosa mtama?"

"Tukose. Wewe ni wetu kabla ya wageni."

Nguva akarudi. Heroe walipokuja tena, Kima aliwazuia mikokoni. "Kaeni hapa. Mama hajasema."

Wakakaa. Hawakununa. Wakaimba kwa sauti ya chini, wakamsaidia Bi Kaa kupanda miche ya mikoko.

Asubuhi moja, maji shwari, pwaa! Nguva akaibuka karibu na mizizi. Mwanawe ubavuni, mnene.

"Mwanangu anauliza nyinyi ni nani," akasema. "Mwambieni."

Hakuna aliyepiga bawa. Heroe mmoja mzee akainamisha shingo yake ndefu mpaka majini.

"Sisi wageni wenu, mjukuu wangu."

Mtoto akamnusa mdomo. Akamnusa tena. Kima akaziba kinywa kwa mikono miwili, asije akapiga kelele za furaha.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kweli. Lakini mwenyeji haponi asipoulizwa, na aulizwe kwanza yule mwenye sauti ndogo.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye maji matulivu. Msiyatibue.