Nyambizi ya Watoto wa Bi Mwanahija

Hapo zamani, zamani ya likizo iliyopita tu, waliishi ndugu watatu mjini Tabora, mbali kabisa na bahari: Siwema, dada mkubwa, Kombo, wa kati, na Tunu, kitindamimba. Walipenda mchezo mmoja wa simu, ambamo mtu hujikuta baharini na lazima aishi humo kwa akili yake. Kila mmoja alikuwa na simu yake, lakini bahari yao ilikuwa moja.

Siwema alizama akaokota vyuma, akazama tena akaokota, hata wakaunda nyambizi ya kuwabeba wote. Wakaapa kuiona sakafu ya bahari kabla Siwema hajaenda chuoni Mwanza.

Siku ya mwisho wakashuka. Maji yakawa meusi. Mara, ngurumo! Madubwana yenye meno kama misumeno yakaivamia nyambizi. Ubavu ukapasuka.

"Tokeni! Nitayavuta huku!" Kombo akapiga kelele. Akatoka na tochi, akaogelea mbele ya vinywa vyao. Yakamfuata, yakammeza. Mchezo ukamrudisha juu kabisa ya maji, aanze upya, mikono mitupu.

Siwema akaponea chupuchupu. Lakini Tunu aligeuka, akarudi ndani ya nyambizi inayozama, akaanza kung'oa injini.

"Tunu, hewa inakuishia!" Siwema akamwita.

"Na iishe! Injini yetu siiachi!"

Akaibuka nayo. Madubwana yakarudi, yakaitafuna nyambizi vipande vipande. Tunu akalia. Kombo akalia. Siwema, mtu mzima wa chuo, akafuta macho kwa upindo wa kanga.

Walipotazama ghala lao, vyuma vilivyobaki na ile injini vilitosha chombo kidogo tu, cha mtu mmoja. Wakakiunda. Ugomvi ukaanza.

"Ni changu," akasema Siwema. "Kila chuma nimekiokota mimi. Na kesho sipo."

"Ungeokolewa na nani, dada, kama si mimi niliyeliwa?"

"Na bila injini yangu je?" akadakia Tunu. "Mngeshuka na sufuria?"

Wakamkimbilia mama yao, Bi Mwanahija, aliyekuwa akipepeta mchele. Akawasikiliza wote, akacheka hata ungo ukayumba mikononi.

"Wanangu, nimewazaa kwa uchungu ule ule. Msinitie mtihanini."

Wakarudi mkekani, wakabanana bega kwa bega. Chombo kinangoja, mlango wazi, na hakuna anayethubutu kuingia mbele ya wenzake.

Haya, nyinyi mlionisikiliza, semeni: kiti ni kimoja. Je, nani alistahili kukikalia?