Pole ya Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mliofunga? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa naona mmeamka.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama waliposemezana bila mkalimani, alikuwako mjane aitwaye Bi Namkunda. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na mbwa tu, jina lake Msilale. Msilale ndiye aliyefukuza ngedere shambani, na ndiye aliyemsikiliza bibi akizungumza.

Siku moja Msilale akanaswa na mtego wa waya. Akajinasua, lakini waya ukabaki mguuni. Mguu ukavimba, ukatunga usaha. Bi Namkunda akambeba mgongoni kwa kanga kama mtoto, akashika njia.

Akafika kwa mganga wa watu. "Mganga, nitibie mbwa wangu."

"Mimi natibu watu. Pole, mama." Akafunga mlango.

Akafika kwa mganga wa ng'ombe. "Mganga, nitibie mbwa wangu."

"Ng'ombe hutoa maziwa. Mbwa hutoa nini zaidi ya kelele? Pole, mama." Naye akafunga mlango.

Njiani akakutana na Fisi. Huyo alijua pole kuliko wote! "Pole, mama, pole sana. Umechoka. Mwache hapa kwangu, nitamuuguza." Huku mate yanamdondoka.

Mnacheka? Bi Namkunda hakucheka. Alikuwa na hofu, tena kubwa. Lakini akasema, "Mbwa wangu hafi leo." Akakaza kanga, akaenda. Fisi nyuma.

Akafika kwa Nungunungu, aliyekuwa akitibu paka na mbwa bure. Nungunungu hakusema pole. Aliuliza, "Anaumwa wapi?"

"Mguu."

"Mshike kichwa. Usimwachie hata akilia."

Nungunungu akachomoa mwiba mgongoni mwake, akatumbua uvimbe. Msilale akalia, bibi naye akalia. Nungunungu hakuacha. Akautoa waya, akaosha kidonda kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa.

Fisi akachungulia. "Amekufa?"

"Bado."

Akachungulia tena. "Na sasa?"

"Bado."

Mara ya tatu akaingia kabisa. "Mganga, nami naumwa tumbo. Nilaze karibu na mbwa."

"Geuka kwanza, nikudunge sindano."

Fisi akageuka. Nungunungu akamshindilia miiba mitatu matakoni. "Pole," akamwambia. Fisi akatoka mbio, hajui aendako.

Bi Namkunda akauliza, "Nikupe nini, mganga?"

"Ukimwona paka anachechemea, usimwambie pole. Mlete."

Msilale akapona, na ngedere wakawa wa kwanza kujua. Tangu hapo mgongo wa Bi Namkunda haukukosa mzigo: leo paka wa huyu, kesho mbwa wa yule. Watu wakamcheka, "Bibi, leo umezaa nini?" Naye akawajibu, "Njooni mnishikie kichwa chake, mtacheka baadaye."

Siku moja alipita kabeba paka wa yule mganga wa ng'ombe. Mganga mwenyewe alikuwa nyuma yake, kashika ncha ya kanga.

Basi, wanangu, pole ni neno zuri, lakini kidonda hakina masikio. Ukimwona kiumbe anaumia, mpe mkono kwanza.

Ngano yangu imefika kizingitini, haivuki. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mwenyewe.