Pimbi Aliyeomba Kimya

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika, wakifua na kununiana kama sisi, palikuwa na karakana ya ufinyanzi karibu na mto. Wenyewe walikuwa wawili: Bwana Kiboko na Bwana Nyati.

Kiboko alikanyaga udongo. Pwacha! Pwacha! Ukitoka miguuni mwake umelainika kama ugali. Nyati alibeba kuni na kuchochea tanuri. Lakini kufinyanga hawakujua hata kidogo, kwa hiyo wakamleta Pimbi, mjane mmoja asiyemzidi paka kwa ukubwa, mwenye vidole vyepesi ajabu. Wakampa chumba cha uani akae na wanawe wawili.

Juu kwenye boriti alikaa Kasuku. Kazi yake ilikuwa kuwaburudisha wenzake. Na alijua kila kitu: nyimbo za harusi, vichekesho, habari za pori zima. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

"Kasuku, tia ngoma!" Kiboko alinguruma kila asubuhi. "Miguu yangu haikanyagi bila ngoma!"

"Ngoma gani saa hizi?" Nyati akajibu. "Kasuku, lete habari! Nani kaoa, nani kaachwa, Simba kaonekana wapi?"

"Ngoma!"

"Habari!"

"Nimesema ngoma!"

Kasuku, maskini, akachanganyikiwa, akawa anaimba habari na kutangaza nyimbo. Kiboko akapiga mguu chini, du! Nyati akapiga pembe ukutani, gwa! Rafu zikatikisika, mitungi mibichi ikagongana.

"Kaka zangu," Pimbi akasema, "naomba kimya kidogo tu. Mtungi kabla ya kuingia motoni hugongwa ukasikilizwa. Ulio mzima hulia ngiii. Wenye ufa hulia pwa. Katika makelele haya sisikii hata sauti yangu mwenyewe."

"Wewe finyanga," akasema Kiboko. "Kasuku, ngoma!"

Mwaka huo mvua zilikata mapema. Mto ulipungua hadi mawe yakaanza kuonekana, na majirani wakaagiza mitungi thelathini ya kuhifadhia maji. Swala alikuja mwenyewe, amebeba pacha wake wachanga.

"Dada Pimbi, wangu usiusahau. Mto ukikauka, kisima kiko mbali, na hawa siwezi kuwaacha peke yao kila siku."

"Sitausahau, dada."

Pimbi akafinyanga mzigo wa kwanza, mitungi kumi na miwili. Akajaribu kuigonga na kuisikiliza, lakini wapi! Huku ngoma, huku habari. Ikaingizwa tanurini hivyo hivyo. Haukupita muda, ikasikika pa! Kisha pa! Pa! Kila wenye ufa ulilipuka, ukavunja na jirani zake. Tanuri lilipofunguliwa, hakuna hata mmoja uliosalimika.

Kiboko alivitazama vile vigae kwa hasira. "Vidole vyako vimechoka, Pimbi. Mzigo ujao ukipasuka, utafute chumba kwingine."

Pimbi alikwenda uani, akawakuta wanawe wamesikia yote.

"Mama, tunahama?"

"Hatuhami," akasema. Lakini moyoni hakuwa na hakika. Siku zilizofuata alifinyanga bila kuinua kichwa, mpaka mitungi mibichi ikatimia thelathini rafuni. Alimaliza akiwa na jambo lake kichwani.

Asubuhi moja akamfuata Kiboko mtoni. "Bwana Kiboko, mimi sipendi umbeya. Lakini Bwana Nyati anasema masikio yako ni pambo tu. Madogo kama vifungo vya shati. Eti hayasikii chochote isipokuwa ngoma."

"Nini?" Maji yakaruka, chubwi!

Kutoka hapo akamfuata Nyati kwenye kuni. "Bwana Nyati, usinitaje tafadhali. Bwana Kiboko anasema masikio yako yananing'inia kama matambara kwenye kamba. Eti makubwa ya bure."

"Mimi? Matambara?"

Wakakutana mlangoni, wanahema kama mivukuto ya mhunzi.

"Vifungo, siyo?"

"Matambara, siyo?"

Pimbi akaruka katikati yao. "Jamani, msipigane! Tufanye shindano. Siku ya nne nitaweka mitungi kumi. Mmoja una ufa usioonekana kwa macho. Atakayeutambua kwa kugonga na kusikiliza tu, ndiye atakayechagua cha kusikilizwa humu ndani siku zote."

"Nakubali!"

"Nakubali, tena sana!"

"Ila mtahitaji mazoezi," Pimbi akasema taratibu. "Itumieni ile thelathini ya rafuni. Gongeni polepole. Ukilia pwa, wekeni kando."

Basi mngeiona karakana siku zile! Kiboko kainama, kakunja uso, anagonga kwa ncha ya ukucha. Ngiii. Ngiii. Nyati kazuia pumzi hadi macho yamekuwa mekundu. Ngiii. Ngiii. Pwa.

"Huu!" akanong'ona, akauweka kando.

Kasuku akafungua mdomo. "Habari za asubu..."

"Shhh!" wote wawili wakamkemea.

Kila mtungi uliowekwa kando, Pimbi aliuchukua kimya kimya, akauvunja, akauloweka udongo wake na kuufinyanga upya, na siku mbili baadaye nao ukagongwa.

Na katika kimya kile, wanangu, wakubwa hawa wakaanza kusikia mambo. Nyati alipojaribu moto alisikia kuni mbichi zikifukuta, fsss, akazitoa kwenye zile kavu. Kiboko alisikia watoto wa Pimbi wakicheka uani. Miaka miwili walikuwa hapo, na hakuwahi kuwasikia wakicheka.

Siku ya shindano ikafika. Mitungi kumi ikapangwa: tisa ya rafuni, na mmoja wa ziada wenye ufa. Kiboko akapita, akagonga, akasimama kwenye wa saba. "Huu." Akatoka nje. Nyati akaingia, akagonga, akasimama pale pale kwenye wa saba. "Huu."

"Mmeshinda wote!" akasema Pimbi.

"Kwekwekwe!" Kasuku akaangua kicheko kule juu. Siku tatu za kunyamaza zilikuwa zimemkaba koo. "Aliyeshinda ni Pimbi! Mmemkagulia mitungi yote thelathini! Wala hakuna aliyemtukana mwenzake!"

Kiboko akageuka. "Nyati, hukusema vifungo?"

"Sikusema. Wewe, matambara?"

"Wala."

Wote wawili wakamtazama Pimbi. Hakukimbia.

"Ni kweli, nimewadanganya," akasema. "Niliwaomba kwa upole kila siku, mkanipuuza. Wanangu wangelala nje. Swala angekosa mtungi. Mkitaka kunifukuza, nifukuzeni. Lakini chomeni mitungi kwanza."

Nyati akawasha tanuri. Wakakaa mbele yake mchana kutwa, wakubwa wawili na mdogo mmoja, wametega masikio. Moto ukavuma, vuuu. Pimbi akafumba macho akingoja ule mlio anaoujua.

Pa haikusikika. Hata moja.

Tanuri lilipopoa wakatoa mitungi. Ishirini na minane... ishirini na tisa... thelathini! Swala akachukua wake, akaugonga kwa kwato, ukalia kama kengele. Akamkumbatia Pimbi.

Kiboko akajikuna shingo. "Dada Pimbi, tulikuonea. Vidole vyako havina kosa. Chumba ni chako."

"Na shindano je?" Nyati akauliza. "Nani anachagua?"

Wakatazamana. Kiboko akawaza, akasema, "Udongo unataka ngoma, hilo siliachi. Tukipaka mitungi rangi, Nyati, tupate habari zako. Lakini dada akianza kugonga mitungi yake, atakayefungua mdomo nitamkalia."

Kasuku alifunga mdomo, ka! Akaufunga kwa bawa pia.

Basi hadithi yangu imeishia kwenye tanuri hilo, wanangu, nanyi shikeni hili: kazi ina nafasi ya wimbo, lakini yenyewe inapoanza kusema, nyamaza uisikilize.