Kwa Nini Mwalimu wa Mitungi Hufungwa Mikono

Nyamazeni basi, na wewe unayechezea udongo wangu, uache. Mnaniuliza kwa nini mwanafunzi wa ufinyanzi humfunga mwalimu wake mikono kama mwizi wa kuku. Haikuwa hivi tangu mwanzo. Zamani mikono ya walimu ilikuwa huru, na uhuru huo nusura utumalize.

Huku huku milimani, kijijini Mlangeni, aliishi fundi wa mitungi aliyeitwa Bibi Namkunda. Wanawake walikuja uani kwake kujifunza, na mmoja wao alikuwa Nakiete, mke kijana, mbishi kupindukia. Walichimba udongo, wakaukanda, wakapandisha tumbo la mtungi mpaka begani. Wakifika hapo, Bibi Namkunda huona kidole kimekosea, uvumilivu ukamwishia. "Lete hapa," husema. "Nenda ukatafute kuni." Mwanafunzi akirudi na mzigo wake hukuta mtungi una shingo, umesimama wima. "Haya, huu ni wako," Bibi humwambia kwa upendo, na mwenzangu huyo huenda nao nyumbani kifua mbele.

Nakiete naye alijisifu. Aliwaonyesha majirani mitungi yake mpaka wakachoka naye.

Sasa sikilizeni. Kila kiangazi kijito cha Mlangeni kilikauka, na watu waliishi kwa maji waliyoyaweka mitungini wakati wa mvua. Mwaka ambao mitungi ilikosekana, watu walihamia nyikani kutafuta maji, na wazee wengine hawakurudi tena. Mama mkwe wa Nakiete alikuwa hawezi kutembea. Basi mwaka mmoja, mitungi mingi ikiwa imechakaa na kuvuja, Bibi Namkunda alikuwa akichoma mitungi mipya, mara rundo la kuni likaporomoka. Akajitosa kuiokoa kwa mikono mitupu. Mitungi ikapasuka yote, na viganja vyake vikaungua vibaya.

"Msihofu, Bibi," wanafunzi walimwambia. "Si tunajua kazi?" Wakakaa chini kufinyanga. Loo! Kila shingo ilianguka ndani ya tumbo. Wakatazamana. Hapo ndipo kila mmoja alipotambua kwamba hajawahi kusimamisha shingo maishani mwake. Nakiete aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Tungoje mikono ya Bibi ipone," wenzake walisema.

"Mvua zikikatika tutaweka maji wapi, vikombeni?" Nakiete alifoka. "Mimi sitamwacha mama mkwe wangu afe kwa kiu nyumbani. Sing'oki hapa."

Akabaki uani. Alifinyanga, shingo ikaanguka. Akakanda upya, ikaanguka tena. Bibi Namkunda, aliyeketi kando yake, alishindwa kujizuia. "Siyo hivyo! Lete ha..." Akanyoosha mkono, akagusa udongo, akapiga yowe. Kidonda kikafumuka, kikatoka damu. Muda si muda akarudia kosa lile lile.

Nakiete akasimama. Alivua shuka lake la begani, akamkunjia Bibi mikono kifuani na kuifunga kwa fundo la nguvu. Wanawake waliokuwa wakipita wakashika vichwa. "Mtoto huyu amerogwa! Anamfunga mzee!"

"Nifungue, mwana wee!" Bibi alinguruma.

"Sikufungui, Bibi. Shikamoo yako naitoa kila siku, lakini leo sikufungui. Niambie kwa mdomo."

Bibi alimtukana weee, mpaka akaishiwa. Kisha alitaka kueleza, na maneno hakuwa nayo. Mikono ilijua, mdomo haukuwahi kuulizwa. Alifumba macho, akatikisa vidole ndani ya shuka, akayatafuta maneno. "Ngoja," alisema hatimaye. "Bega halijakauka. Haliwezi kubeba shingo. Weka shavu lako hapo. Likiwa baridi lakini haligandi shavuni, ndipo uanze."

Nakiete alipigwa na butwaa. Kumbe kungoja! Kungoja kulikuwa kazi, nao miaka yote kazi hiyo walikuwa hawaioni, wametumwa kuni.

Akaweka shavu. Likaganda. Akangoja, akaweka tena. Bega lilipokuwa tayari, akapandisha shingo polepole, na ikasimama. Akaita wenzake, akawaonyesha, na kabla mvua hazijakatika mitungi ilichomwa na kujazwa. Mama mkwe wake alikunywa maji kitandani mwake kiangazi chote.

Vidonda vya Bibi Namkunda vilipona. Wanafunzi wapya walipokuja, alichukua shuka mwenyewe, akawakabidhi. "Nifungeni," alisema. "Nikiwa huru nitawaibia."

Na tangu siku hiyo, hakuna mwalimu wa mitungi Mlangeni anayeketi na mwanafunzi bila kufungwa mikono. Shingo ikisimama, mwanafunzi mwenyewe ndiye hufungua fundo. Nami wa kwangu aliponifungua juzi, niliupapasa mtungi wake wote nikitafuta pa kurekebisha, nikakosa, nikalia kama mtoto.