Nungunungu Arudi na Gitaa Lake

Nimekuja na ngano!
Ishushe tuione!
Nzito hii!
Tutasaidiana!
Ina miiba!
Tutaishika taratibu!

Haya, shikeni taratibu.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana waya wa mitego ulikuwa umeshafika porini, palikuwa na bwawa, na ndani ya bwawa palikuwa na Kiboko. Mwanzoni Kiboko alichukua upande wa kina. Wanyama wakasema, "Aa, mwacheni, ni mnene." Kisha akachukua upande wa matete. Wakasema, "Aa, mwacheni, anasikia joto." Kisha akachukua ukingo wa mchanga, pale wanapokunywa wadogo. Wakataka kusema neno, lakini makoo yao yalikuwa yamekauka.

Sheria ya Kiboko ilikuwa fupi: hanywi mtu mpaka Mkuu amalize kuoga. Na Mkuu alianza kuoga alfajiri, akamaliza jua likizama. Tena kiboko akiwa majini hatoki kwenda chooni. Huzungusha mkia tu, fyata-fyata-fyata, na mambo yote yanaruka huku na huku. Kwa hiyo maji waliyobakiziwa wenzake yalikuwa uji, na si uji wa kumpa mgonjwa. Na alipotoka kwenda kula majani, alimwacha mpambe wake Ngiri amejilaza katikati ya njia, meno nje, hata huo uji unyweke kwa ruhusa.

Sasa, karibu na hapo, katika shimo lililoachwa na mhanga, yule mnyama mla mchwa, aliishi Bibi Nungunungu.

Vijana walimjua kama bibi anayetafuna mizizi na kulalamikia magoti. Wazee walimjua vingine. Zamani alikuwa na bendi iliyoitwa Miiba Mitupu, na mbuga nzima haikuwa na bendi yenye kelele kama ile. Nungunungu alizaliwa na panki kichwani, hakunyolewa na mtu. Gitaa lake lilikuwa kibuyu chenye nyuzi za waya alizozinyofoa kwenye mtego wa wawindaji. Alijua mishiko mitatu tu ya nyuzi, na miwili kati ya hiyo ilifanana. Aliimba akiwapa watu mgongo, kwa sababu kwa nungunungu mgongo ndio mbele. Mpiga ngoma wake alikuwa Kigogota, na ngoma yake ilikuwa gogo lolote lililokuwa karibu. Wimbo wao mkubwa uliitwa "Toka Majini". Maneno yake yalikuwa mawili: toka, na majini.

Kiboko aliusikia mara moja tu. Alipanda jukwaani, akalikalia. Jukwaa likawa kuni. Bendi ikatawanyika, Nungunungu akaingia shimoni, na waliosema atatoka kesho walizeeka wakimsubiri.

Basi, kiangazi kimoja kilikuja kikali kuliko vyote. Asubuhi moja Swala akafika mlangoni pa shimo, mtoto wake nyuma yake, miguu inamtetemeka.

"Hodi, bibi."

"Karibu, mwanangu. Kama umefuata mizizi, imekwisha."

"Sikufuata mizizi. Maziwa yamenikauka, bibi. Asipopata maji safi, huyu mvua haimkuti."

Nungunungu akamtazama mtoto. Ulimi ulikuwa mweupe. "Na mimi nifanye nini? Unayaona magoti haya?"

"Mama alikuwa akituimbia wimbo wako," Swala akasema. "Kila jioni. Kwa kunong'ona."

"Kwa kufanya nini?"

"Kwa kunong'ona. Ngiri asisikie."

"Ule wimbo?" Nungunungu akasimama. "Ule wimbo haunong'onwi!" Na miiba yake, yote iliyobaki, ikasimama naye: kacha-kacha-kacha!

Akaingia ndani, akalitoa gitaa chini ya majani makavu, akapuliza vumbi, akagusa waya mmoja. Ndrang! Moyo ukamruka. Lakini akakaa chini tena, akafikiri. Akipiga kelele, Kiboko atakalia jukwaa. Akipiga tena, atakalia tena. Kiboko alikuwa na makalio mengi kuliko yeye alivyokuwa na majukwaa. Huyu hafukuzwi kwa nguvu. Huyu lazima atoke kwa mdomo wake mwenyewe.

Siku hiyohiyo Ngiri akapita akitangaza: "Kesho ni Sikukuu ya Tumbo la Mkuu! Anatafutwa mwimbaji wa sifa! Ndege wote wamekauka sauti! Anatafutwa mwimbaji wa sifa!"

Nungunungu akajikongoja mpaka bwawani, gitaa begani.

"Simama hapo!" Ngiri akasema. "Wewe si yule wa makelele?"

"Makelele yalikuwa ya ujana, baba. Siku hizi naimba sifa."

Maji yakafunguka. Mbuuuh! Kiboko akatoa kichwa. "Sifa? Sifa za nani?"

"Zako, Mkuu. Kwani kuna za mwingine?"

"Ziko ngapi?"

"Pumzi yangu haizimalizi."

"Lete zote!"

"Mimi nitauliza, na mbuga nzima itaitikia: 'Ni wewe! Wewe peke yako!'"

Kiboko akalitafuna neno lile kama jani bichi. "Tamu. Tamu sana. Na nani atapata kulisema?"

"Wote, Mkuu."

"Hata Pundamilia?"

"Hata Pundamilia."

"Hata Digidigi?"

"Na mkewe."

"Haiwezekani!" Maji yakaruka. "Neno tamu namna hiyo liishie midomoni mwa watu wenye kwato? Kiitikio nakitaka mimi!"

"Lakini Mkuu, kiitikio siku zote ni cha wote."

"Kwenye bwawa langu hakuna cha wote!"

Nungunungu akainamisha kichwa, akakuna sikio, akafanya kama mtu aliyeshindwa. "Basi itabidi useme, 'Ni mimi! Mimi peke yangu!' Ila tu, Mkuu, ada ya ngoma unaijua?"

Ada ya mbuga ile ilikuwa hivi. Neno uliloliitikia ngomani, mbele za watu, ni neno lako, halifutiki. Ndivyo walivyooana, ndivyo walivyogawana miti. Digidigi mwenyewe alipata mke kwa kuitikia bila kusikiliza swali, na mpaka leo ukimwona mmoja umewaona wawili. Na anayelikana neno la ngoma hapigwi wala hafukuzwi. Hatajwi tu. Hasalimiwi, haimbwi, jina lake halipiti mdomoni mwa mtu.

"Naijua," Kiboko akasema. "Nimezaliwa naijua."

"Na maswali, ungependa kuyasikia kwanza?"

"Maswali ya nini? Jibu si ninalo?"

Nungunungu akashukuru, akaondoka, Ngiri nyuma yake akimsindikiza, masikio wima. Njiani wakamkuta Kigogota juu ya mti wake, mvi kifuani, mdomo umechongoka vilevile.

"Dada," Kigogota akasema, "nasikia unaimba sifa."

"Kesho. Nakuhitaji kwenye gogo."

"Umeuza miiba! Ya kwako ingekuwa ya kwako, lakini ulikuwa umebeba na yetu!"

Nungunungu aliumia. Alitaka kumweleza, lakini pumzi ya Ngiri ilikuwa shingoni mwake. Akasema tu, "Njoo upige haraka, kama zamani. Mtu asipate nafasi ya kufikiri."

Kigogota akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule. Maneno hakuyajua sana, lakini mwendo wa ngoma aliujua. "Sifa hupigwa taratibu," akasema.

"Hupigwa taratibu."

"Na wewe unataka haraka."

"Haraka mno."

Kigogota akausugua mdomo kwenye gome, huku na huku. Kisha akasema, "Nitakuja na mdomo wangu ulionolewa."

Asubuhi ya sikukuu mbuga nzima ilisukumwa mpaka bwawani. Nungunungu alipanda kwenye kichuguu, na mapokezi yake yakawa hivi:

"Msaliti!"

"Amelambishwa asali huyo!"

"Rudi shimoni, bibi wee!"

Tumbili akamrushia ganda la tunda, likachomeka kwenye mwiba, likakaa hapohapo kama kofia. Swala alisimama mbele kabisa na mtoto wake, akatazama pembeni, na hilo ndilo lililomchoma Nungunungu kuliko yote. Akawapa mgongo, akafungua mdomo.

Sauti ikatoka kama bawaba yenye kutu.

Akashtuka. Kisha akakumbuka kwamba hata zamani ilikuwa hivyohivyo. Haijaharibika hata kidogo! Furaha ikampanda kutoka kwenye kwapa mpaka kwenye ncha za miiba. Ndrang! Ndrang! Kigogota akashika: ko-ko-ko-ko, ko-ko-ko-ko!

"Nani mwenye mdomo mpana?"

"Ni mimi!" Kiboko akanguruma. "Mimi peke yangu!"

"Nani mwenye tumbo la mviringo?"

"Ni mimi! Mimi peke yangu!"

"Nani anayejaza bwawa zima?"

"Ni mimi! Mimi peke yangu!"

Ko-ko-ko-ko! Ndrang! Mwendo ukaongezeka.

"Nani anazungusha mkia majini?"

"Ni mimi! Mimi peke yangu!"

"Nani anatunywesha uji wake?"

"Ni mimi! Mimi peke yangu!"

Sikio la Swala likasimama. Pundamilia akamkanyaga mwenzake mguu: "Umesikia alichoitikia?" Tumbili akaacha kuokota maganda.

"Nani kakausha maziwa ya Swala?"

"Ni mimi! Mimi peke yangu!"

"Mkuu!" Ngiri akaita. "Mkuu, sikiliza maswali!"

"Nyamaza wewe, unaniharibia kiitikio!"

Ko-ko-ko-ko-ko-ko! Gogo likaanza kutoa moshi. Nungunungu aliruka, magoti yakalalamika, hakuyasikiliza.

"Nani anahama bwawa leo?"

"Ni mimi! Mimi peke yangu!"

"Nani harudi tena hapa?"

"Ni mimi! MIMI PEKE YANGU!"

Ndraaang!

"Mbona umeishia patamu?" Kiboko akasema, akihema. "Tuanze tena!"

Ngiri akakohoa. "Mkuu, umesema unahama."

"Nani kasema?"

Mbuga nzima ikajibu kwa pamoja, Digidigi na mkewe wakiwa wa kwanza: "Ni wewe! Wewe peke yako!"

Kiboko akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akayarudia maswali kichwani, moja baada ya jingine, na kila alipofika kwenye jibu akakutana na yeye mwenyewe. "Nalifuta," akasema. "Ilikuwa ngoma tu. Nalifuta neno."

Basi hakuna aliyefoka. Swala akamgeukia Pundamilia, akasema kwa sauti ya mtu aliyetoka matembezini, "Bwawa zuri hili. Lina mwenyewe?"

"Sioni mtu, shoga."

"Mimi hapa!" Kiboko akanguruma.

"Umesikia kitu?"

"Upepo huo."

"Ngiri! Waambie!"

Ngiri akatazama mawingu, ambayo hayakuwapo, akafikiria maisha yake ya baadaye. "Kweli," akasema, "leo kuna upepo."

Kiboko akapiga maji, pwaa! Akapanua mdomo, akafumba. Hakuna aliyegeuka. "Niiteni basi mnene!" akasema. Kimya. "Niiteni mchafu! Mchafu si mnalijua?" Kimya. Yule aliyezoea kutajwa kutwa nzima alikuwa hajatajwa kwa muda wa kula jani moja, na tayari ngozi ilimwasha. Akasogea mpaka chini ya kichuguu, akainua macho kuutazama mgongo wa Nungunungu.

"Bibi," akasema polepole, "nikienda, mtaniimba?"

Nungunungu hakugeuka. "Akitokea mtu akaondoka, tutamwimba. Kwa sauti kubwa. Atasikia mpaka mto mkubwa."

Chubwi. Chubwi. Chubwi. Kiboko akatoka majini.

Hapo ndipo mlipopaswa kuwapo, wenzangu! Nungunungu akapiga ule mshiko wa tatu, ule usiofanana na mingine, na mbuga nzima ikapasuka: "Toka! Majini! Toka! Majini!" Walioujua wimbo kwa kunong'ona waliufungulia koo. Pundamilia waligongana mabega, Tumbili akaruka juu ya vichwa vya watu akashikwa na wengine, vumbi likapanda, vuu! Waliocheza karibu sana na kichuguu walirudi na miiba matakoni, wakaringa nayo msimu mzima. Kigogota alilitoboa gogo mpaka upande wa pili, akachungulia kwenye tundu, akacheka. Hata Kiboko, kule anakokwenda, alitikisa makalio kwa mwendo wa ngoma. Aliimbwa bwana, angefanyaje?

Maji hawakuyanywa papo hapo. Waliyaacha matope yashuke kwanza, Ngiri akiwapanga watu kwenye mstari kwa adabu ambayo hakuna aliyejua anayo. Jua lilipokuwa upande, ukingo wa mchanga ukaonekana chini ya maji. Mtoto wa Swala akainama wa kwanza. Fyonz, fyonz, fyonz. Nungunungu aliyahesabu mafunda mpaka akapoteza hesabu, kisha akaketi na kuyaomba radhi magoti yake.

Na Kiboko? Alifika mto mkubwa jioni, akajitosa, pwaa, akatoa kichwa na kujitambulisha kwa wenyeji: "Ni mimi! Mimi peke yangu!"

Kichwa kikatoka majini hapa: "Na mimi!" Kingine kule: "Na mimi!" Kingine nyuma yake, kikubwa kuliko chake: "Na mimi!" Mto mzima ulikuwa viboko. Mpaka leo, mmoja akinguruma mtoni, wengine wote humjibu, na yeye kila mara hukasirika, huzama, akarudi kujaribu tena.

Ngano hii inatufunza kwamba muziki wa makelele haujawahi kubadilisha kitu, kwamba mzee akistaafu asisumbuliwe, na kwamba mtu mkubwa akiomba kiitikio, apewe chote.

Yangu imefika kwao. Mwenye usingizi na alale, mwenye sauti na aamke nayo.