Bamba Lisilopungua

Hapo zamani za kale, na msiniulize lini maana hata mimi niliambiwa hivyo hivyo, wanyama walikata miti yote mpaka zikakosekana kuni za kuchemshia hata yai. Wakala mahindi mabichi, wakala kunde mbichi, na hasira zao nazo mbichi.

Wenye mali walibaki wawili. Kiboko alikuwa na bwawa. Tembo alikuwa na paneli za sola, kazianika juani kama mihogo. Na huko kwenye majabali aliishi Bi Pimbi, mjane, kamwili kake kama ngumi, na mwanawe Tunu ambaye hakuwa ameota meno. Mtoto kibogoyo na kunde mbichi, nyie mnaonaje? Alikuwa anakonda, na mama yake anamtazama.

Siku moja Tembo akasema, "Kiboko ndugu yangu, nimesikia ukipitisha umeme kwenye maji, yanatoa hewa inayowaka. Moto bila kuni!"

Wakajaza pipa maji ya Kiboko, wakatia magadi, wakavuta waya za Tembo. Kwenye ncha ya waya, ndani ya maji, lilitakiwa bamba la madini, maana hapo ndipo hewa inapotokea. Kiboko akaleta bamba la risasi, yale madini mazito ya kijivu. Alilibeba mwenyewe, akihema.

Kimya. Halafu kiputo kimoja: bwi! Basi.

Tembo akaleta la shaba, linang'aa mpaka unajiona kope.

Bwi... bwi... bwi... Kamoto kakatokea, hakawezi kupasha hata kikombe cha chai.

"Shikamooni, wazee," ikasema sauti ya Bi Pimbi kutoka chini. "Jaribuni na hili langu. Ni la nikeli."

"Ha! Kifuniko cha birika hicho!" Kiboko akacheka.

"Litumbukizeni tu, mzee wangu."

Wakalitumbukiza. Bwibwibwibwibwi! Hewa ikapanda kwenye mrija hadi jikoni, wakaiwasha: pwaa! Chungu cha kwanza kikachemka, na wapo waliolia kwa harufu ya kunde zilizoiva.

"Kwa nini lako na si letu?" Tembo akauliza.

"Madini yote ni madini, mzee, ila mkono haufanani. Chembe za hewa zinakuja usoni pa bamba moja moja. Bamba linazikutanisha, zinashikana, zinaruka juu. Ni mshenga huyo! Kuna mshenga akienda kwa wakwe anakunywa chai tu, anarudi hana jibu. Na kuna ambaye akivuka mlango tu, mambo yamekwisha."

Wakacheka, wakakubaliana: kila siku bakuli la uji kwa Tunu, maisha yake yote. Tunu akaota mashavu. Bi Pimbi akawa anaimba akipanda majabali, na sauti yake mbaya kweli!

Kisha wakubwa wakaanza kufikiri. Ole wako wakubwa wakianza kufikiri.

"Bi Pimbi," Kiboko akaita, "maji yangu yanapungua, si unaona?"

"Naona, mzee."

"Na umeme wangu unatumika," akadakia Tembo. "Haya, bamba lako limepungua?"

Bi Pimbi akalitazama. Lilikuwa vile vile. "Halipungui, wazee. Ndiyo kazi yake."

"Basi hujatoa kitu!" Kiboko akapiga pipa, du! "Sisi tunatoa, wewe unakula. Uji umekwisha leo. Na bamba linabaki hapa, maana hujapungukiwa na chochote."

"Na Tunu?"

"Tunu si mtoto wetu."

Iliuma. Naisimulia na bado inaniuma. Bi Pimbi akakumbuka desturi ya wakubwa hao: kila kitu walichokitwaa hupakwa mafuta mazito, kinang'aa, kila mtu ajue ni chao. Akajitupa chini.

"Chonde, wazee! Chukueni bamba, chukueni uji, ila msilipake mafuta! Likipakwa mafuta litakuwa lenu, sitaweza kulidai tena! Nawashika miguu!"

"Ahaa!" Tembo akamkonyeza Kiboko. "Leta mafuta!"

Wakalipaka mbele, wakalipaka nyuma, wakarudia. Bi Pimbi akaondoka analia, na kilio kile nusu kilikuwa cha kweli.

Bamba likarudishwa majini. Kimya. Mafuta yalikuwa yameufunika uso wote, chembe hazina pa kukutania. Wakapiga pipa, wakatukana waya. Kimya. Wakarudisha la shaba, kamoto kale kale. Wakarudisha la risasi.

Bwi! Basi.

Bi Pimbi alikaa juu ya jabali akingoja waje kumwita. Alikwisha kupanga maneno ya kuwaambia. Hawakuja. Kumwomba radhi kapimbi? Heri kula kunde mbichi, na ndivyo walivyofanya, wakitafuna kwa hasira, kra, kra, kra. Bamba wakalitupa jalalani. "Limekufa hilo," akasema Kiboko.

Bi Pimbi akaliokota. Akalisugua kwa mchanga na magadi mpaka mafuta yote yakatoka, likawa zima, halikupungua hata chembe. Akalipeleka nyumbani, akaliegemeza ukutani. Maji hana. Umeme hana.

"Mama," Tunu akauliza, "tumewashinda?"

"Tumewashinda, mwanangu."

"Uji uko wapi?"

Bi Pimbi akachukua kunde mbichi, akazitafuna yeye mpaka zikalainika, akamtilia mwanawe kinywani.

Hadithi yangu naiacha hapo hapo jikoni, penye baridi, na ninyi ondokeni na neno hili: msimpime mtu kwa kilichopungua kwake, mpimeni kwa kinachozimika akiondoka.