Gari Jeupe na Gari la Samaki

Wazee waliotuachia methali hawakuwahi kushika usukani, lakini magari waliyajua. Waliposema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, walikuwa wamekwisha kumwona mtu akizunguka soko zima akimsifu ng'ombe wake, na ng'ombe mwenyewe anachechemea nyuma. Kitu chema hukaa mahali pake kikamngoja mwenye macho. Kitu kibovu hakina subira, lazima kipige kelele kabla hujakitazama sawasawa. Wakubwa wetu nao ni hivyo hivyo, hasa mwaka wa kura ukifika, lakini hayo tuyaache. Hii ni habari ya magari mawili na mzee mmoja wa milimani, juu ya Kisinga, aitwaye Thembo.

Thembo alichuuza mbuzi tangu ndevu zake hazijaota, na hakuna aliyewahi kumpiga chenga. Hila zote alizijua. Kuna wauzaji wanaomlambisha mbuzi chumvi alfajiri, akanywa maji mpaka tumbo likawa ngoma, halafu wakamwita mnono. Ndiyo maana Thembo hakumnunua mbuzi sokoni hata siku moja. "Mlete kwangu," alikuwa akisema. "Alale, tumbo lishuke, kisha apande kilima. Akifika juu ndipo tuzungumze."

Kwa sifa hiyo kikundi cha machela kilimpa kazi ya kuchagua gari. Huko juu, mtu akizidiwa alibebwa kwenye machela ya mianzi na wanaume wanne, wanapokezana mabega mpaka hospitali ya misheni bondeni. Erina, mkewe Thembo, alibebwa hivyo miaka mitatu iliyopita. Gari la wagonjwa la gombolola, yaani serikali ya tarafa, lilikuwepo siku hiyo, lakini lilikuwa limetumwa kubeba viti vya mkutano wa wakubwa. Erina alikata roho kwenye kona ya mwisho, mabati ya hospitali yakionekana. Tangu hapo Thembo hakupita mbele ya ofisi ile bila kutema mate.

Barabara ya kufika kijijini waliichimba wenyewe kwa majembe, maana tingatinga waliahidiwa kura tatu mfululizo na hawakuona hata gurudumu lake. Barabara ilipokwisha, wakachanga wapate gari moja dogo la kupanda milima: la kwenda soko, la kuwapeleka watoto shule na akina mama kanisani, na akizidiwa mtu, la kumshusha. Gari la kila siku. Na haraka ilikuwepo, kwa kuwa Phionah, binti wa pekee wa Thembo, alikuwa na mimba ya miezi minane.

Basi siku ya soko waliteremka Bwera watatu: Thembo, Phionah, na Benon, mkuu wa wabeba machela, pande la mtu aliyewahi kuendesha malori. Hawakuwa wamefika mbali walipolisikia gari kabla ya kuliona.

"Kuya muone! Kuya muone! Mali ya Japani, haijaguswa na udongo!"

Lilitokea kati ya mafungu ya nguo na mihogo, jeupe pe pe pe, utepe mwekundu shingoni kama fahali wa sherehe, kipaza sauti juu ya paa. Ndani alikuwa Swalik, dalali wa magari, miwani myeusi usoni na meno yote nje.

"Muzee Thembo! Muzee wa mbuzi! Wewe ndiye niko natafuta. Hii haiko gari, iko bibi harusi! Ingia, ingia!"

Thembo akaingia. Kiti kilimpokea kama mkwe. Viti vilikuwa bado na nailoni, na sauti ya mwanamke ikasema kitu kwa Kijapani kutoka kwenye dashibodi.

"Anasema nini huyu?"

"Anasema, karibu Muzee, mbona umekawia?"

Phionah akacheka hadi akashika tumbo. Swalik akawazungusha soko mara tatu, muziki ukilia, watu wakiwapisha na kuwapungia mikono. Moyo wa Thembo ulidunda kama wa kijana aliyekubaliwa posa. Aliona picha nzima: anapita mbele ya ofisi ya gombolola, kioo kimeshushwa, kiwiko nje, na wakubwa mle ndani wanamwagikiwa na chai. Wamwone! Wamwone mume wa Erina!

Jambo moja tu lilikuwa la ajabu. Swalik aliposhuka kununua sigara, hakuzima injini. Adhana ya adhuhuri ilipolia akaenda kuswali, akaliacha linaunguruma nje ya msikiti.

"Mbona huzimi?" aliuliza Benon, Swalik aliporudi.

"Gari ya maana haizimwi, kaka! Ndani mule kuna baridi. Nikizima, baridi inatoroka."

Watu wakacheka, na Thembo akacheka nao.

Ni Benon aliyewavuta upande wa samaki, maana alisikia Hajati Sadia naye anauza. Hajati alikuwa mama wa makamo aliyeleta samaki kutoka Kasenyi kila uchao. Gari lake lilikuwa la ukubwa ule ule, la kijani kilichopauka kama kanga ya mwaka juzi, mchubuko mrefu ubavuni. Lilikuwa limekaa kimya nyuma ya matenga, kama kuku anayeatamia.

"Hajati, kweli unaliuza?" aliuliza Benon.

"Mwenye kulitaka nitampa. Mimi nataka pikapu, samaki wamezidi gari." Wala hakuinua macho kutoka kwenye samaki aliokuwa akiwapanga.

"Likoje?"

"Linakwenda Kasenyi, linarudi. Kesho linakwenda tena. Funguo ile pale, jionee mwenyewe."

Phionah akafungua mlango, akaingiza kichwa, akakitoa mbio mkono mdomoni. "Baba! Mtoto amekataa!"

"Mtoto akizaliwa atakula hao samaki," alisema Hajati, "na hatauliza walikuja na gari gani."

Kicheko kilizunguka matenga yote. Lakini Thembo alikwisha kuamua. Alirudi kwa Swalik moja kwa moja akampa mkono, na Swalik akaushika kwa mikono miwili kama anayeogopa utateleza.

"Thembo," Benon akamnong'oneza, "angekuwa mbuzi, ungemchukua leo hii, hapa sokoni?"

Thembo akasimama kama aliyekanyaga mwiba. Mbuzi aliyeogeshwa? Mbuzi aliyefungwa utepe, anayezungushwa mchana kutwa asilale? Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alikuwa anamnunulia nani gari, binti yake au madirisha ya gombolola?

Akauchomoa mkono wake taratibu. "Swalik, keshokutwa asubuhi lilete kwetu kilimani. Hajati naye nitamwomba alete lake. Yakifika juu ndipo tuzungumze."

"Milima?" Swalik akacheka, lakini kicheko kilikuwa cha meno tu. "Muzee, milima iko chakula yake!"

Siku hiyo ilipofika, kijiji kizima kiliamkia uwanja wa kanisa. Hajati Sadia alifika mapema, akaegesha, akazima, akakaa na akina mama kula mihogo na kuwasimulia habari za Kasenyi. Saa nne ndipo honi ilisikika bondeni. Gari jeupe likapanda likitoa vumbi, utepe ukipepea, Swalik akitangaza kwa kipaza sauti kwamba ukombozi umefika. Vigelegele vikapaa! Likauzunguka uwanja mara moja, mara mbili, mara tatu.

Thembo hakupiga kelele. Aliyaendea magari yote mawili akaweka kiganja juu ya boneti, kama anayempapasa mbuzi tumbo. La kijani lilikuwa baridi kama pua ya mbuzi mzima. Jeupe lilichoma kama sufuria iliyo motoni, nalo bado linaunguruma.

"Zima," alisema.

"Muzee, tupande kwanza mule juu, utaona..."

"Zima. Lipumzike. Mbuzi wangu hulala kwanza."

"Gari haiko mbuzi!"

"Swalik mwanangu. Zima."

Swalik alivua miwani, akajifuta jasho, akatazama barabara ya kurudi kama mtu anayeipima kwa macho. Benon hakungoja. Akapitisha mkono wake mnene dirishani, akabonyeza kitufe. Injini ikakata.

Wakanywa chai. Walipomaliza, Thembo akainua fimbo. "Hajati, wewe kwanza."

Wakajaa wabeba machela watano, Benon mbele, mkungu wa ndizi nyuma. Hajati akazungusha ufunguo. Gari liliguna mara moja, kama mzee aliyeamshwa, likawaka. Likashika mlima bila mbwembwe, likaipita kona ya chemchemi, likapotea. Watu walisimama wameshika roho mkononi. Mara likatokea juu kwenye mwamba, Benon akipunga shati, kisha likashuka polepole likaegesha pale pale lilipotoka. Uwanja ulilipuka!

"Haya, bibi harusi," alisema Thembo.

Swalik akabonyeza. Yule mwanamke wa Kijapani akatoa salamu zake. Injini ikasema kwe-kwe-kwe, basi. Akabonyeza tena. Mwanamke akasalimia tena, kwa adabu ile ile. Mara ya tano hata kwe haikusikika.

"Sasa anasema nini?" aliuliza Phionah.

Swalik aliinamisha kichwa. "Anasema... mumusukume kidogo."

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Kumbe hilo ndilo lililolizungusha Bwera kutwa nzima! Halikutembea kwa nguvu, lilitembea kwa hofu ya kusimama.

Wabeba machela wakashuka, wakaweka mabega nyuma ya gari jeupe. "Tumechanga tusibebe tena," alihema Benon, "na leo tunabeba gari!" Wakaanza wimbo wao wa njiani, ule wa kupokezana mabega, wakalisukuma hadi mteremkoni. Likatikisika, likakohoa moshi, likawaka. Swalik hakusimama hata kuaga. Angesimamaje?

Thembo peke yake hakucheka. Aliiwaza kona ile ya mwisho, mvua inanyesha, Phionah amelala ndani, na mwanamke wa Kijapani anasalimia. Akamgeukia Hajati, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Wasingya, Hajati. Wasingya." Asante ile ilitoka chini kabisa, mahali ambapo kwa miaka mitatu palitoka mate tu.

Akina mama walilisugua gari kwa majivu, kwa ndimu, kwa mchaichai. Harufu ya samaki ikabaki, kama mkwe asiyeondoka. Phionah alilipitia mbali, pua ameibana.

Siku ya kumi na moja tangu walinunue, asubuhi ya mvua kubwa, uchungu ulimshika Phionah kabla ya wakati. Thembo alitoka nje bila kofia akiita jina la Benon. Ufunguo, mguno mmoja, likawaka. Barabara ya majembe ilikuwa imegeuka utelezi mtupu, na gari la kijani likaishuka likikanyaga kama mbuzi wa mlimani, kwato moja baada ya nyingine. Thembo alikaa nyuma, kichwa cha binti yake mapajani. Walipita ofisi ya gombolola. Gari la wagonjwa lilikuwa pale nje, limeoshwa linang'aa, matairi yamelala. Wakubwa walikuwa barazani. Thembo hakukumbuka kutema mate, wala kugeuza shingo kuona kama wamemwona.

Ikaja kona ya mwisho. Akafumba macho. Alipoyafumbua, walikuwa wameipita.

"Baba," alisema Phionah kwa sauti ndogo, "harufu ya samaki."

"Vumilia, mwanangu, tumefika."

"Hapana, baba. Nasema, leo inanukia vizuri."

Kabla mvua haijakatika alizaliwa mtoto wa kike mwenye sauti iliyozidi kipaza sauti cha Swalik. Thembo alitoka nje, macho mekundu, akaenda kusimama kando ya gari. Lilikuwa limezimwa, limekaa kimya kati ya mengine, tope hadi madirishani. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale.

Mtu mmoja aliyekuwa ameleta mgonjwa kwa pikipiki, maji yanamchuruzika, akasogea. Alilizunguka gari, akayainamia magurudumu yaliyojaa tope la mlimani, akatikisa kichwa.

"Mzee, limeshuka kutoka kule juu leo? Na mvua hii?"

"Limeshuka."

"Na linawaka, ukilizima?"

"Mguno mmoja."

"Aisee. Hamliuzi?"

Thembo akacheka, kicheko cha kwanza cha tumboni tangu Erina aondoke. "Haliuzwi!"

Na kutoka barabara kubwa, mbali, katikati ya mvua, kikasikika kipaza sauti kikipita mbio bila kusimama: kuya muone, kuya muone. Yule mtu hakugeuka hata kutazama, macho yake yalikuwa kwenye gari la samaki, ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno juu yake; hakika, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.